Mwiko Unaolinda na Mwiko Unaoficha



Mwezi huu tunagusa jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia likitajwa mbele ya wakwe au mbele ya watoto. Ni miiko inayohusu mwili na tendo la ndoa. Kwa nini kila kabila lina watu ambao mtu haruhusiwi kuoana nao wala kulala nao? Mwiko huo umetoka wapi: katika maumbile, katika mila, au katika sheria? Na kwa nini, pamoja na miiko yote hiyo, bado tunapokea hospitalini watoto walioharibiwa na watu wa nyumba zao wenyewe?

Neno "mwiko" kila mama analijua mara mbili. Mwiko ni kile kijiti cha kusongea ugali, na mwiko ni jambo lisilofanywa. Katika maana hii ya pili, tuna miiko ya aina mbili inayohusu mwili. Wa kwanza ni mwiko wa kutenda: usimguse huyu, huyu ni dada yako. Wa pili ni mwiko wa kusema: usilitaje, ni aibu. Mwiko wa kwanza ni uzio wa kumlinda mtoto. Mwiko wa pili nao ulianza kama heshima, lakini mara nyingi umegeuka kuwa pazia la kumfichia mkosaji. Afya ya familia inategemea kujua tofauti ya miiko hiyo miwili.

KILA KABILA LINA UZIO WAKE

Huku pwani yetu, watu ambao mtu hawezi kuoana nao huitwa maharimu. Mama, dada, binti, shangazi, mama mdogo, mjukuu: hao hata mzaha wa posa hauwahusu. Jirani zetu Waislamu wanayo orodha hiyo katika Kurani, sura ya nne. Sisi Wakristo tunayo katika Kitabu cha Walawi, sura ya 18. Ukizisoma orodha hizo mbili utaona zinakubaliana kwa sehemu kubwa.

Zinatofautiana pembeni. Kwa Waislamu mtoto wa mjomba au wa ami anaweza kuolewa. Kwa sisi Wakatoliki, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinazuia ndoa ya binamu wa kwanza, ingawa Askofu aweza kutoa ruhusa maalumu kwa sababu nzito. Lakini kati ya mzazi na mtoto, au kati ya kaka na dada, ruhusa haitolewi kamwe, na hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. Ndiyo maana Baba Paroko huuliza juu ya ukoo kabla ya ndoa, na matangazo ya ndoa husomwa kanisani. Anayejua kuna undugu au kizuizi kingine ana wajibu wa kusema, wala si umbea.

Makabila mengine yalijenga uzio kwa mpangilio wa makazi. Wanyakyusa wa Rungwe, kama walivyoelezwa na mtaalamu Monica Wilson aliyeishi kwao na mumewe miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya wavulana kuondoka nyumbani kwa baba wakiwa na umri wa miaka kama kumi, wakajenga vibanda vyao na rika lao kando. Shabaha mojawapo ilikuwa kutenganisha maisha ya ndoa ya wazazi na macho ya watoto waliokwisha kupata akili. Mke wa mtoto naye alimkwepa baba mkwe kabisa, hata njiani. Kwetu pia, mkwe haingii chumbani kwa mkwewe, na kijana aliyebaleghe halali chumba kimoja na dada zake. Wazee hawakusoma vitabu vya saikolojia, lakini walijua pa kuweka mlango.

WATAALAMU WA NAFSI WANASEMAJE?

Mwaka 1891 msomi wa Finland, Edvard Westermarck, alitoa kitabu kikubwa juu ya historia ya ndoa. Alisema kwamba watoto wanaokua pamoja tangu wadogo, wakila chungu kimoja na kulala mkeka mmoja, wakishakua hawatamaniani. Sababu si kwamba wamekatazwa. Ni kwamba ule ukaribu wa utotoni umeizima tamaa hiyo kabla haijawaka. Hawahitaji kuambiwa, moyo wenyewe unakataa.

Wakati ule wengi walimcheka. Sigmund Freud wa Vienna, katika kitabu chake cha mwaka 1913, alidai kinyume chake: kwamba tamaa hiyo ipo ndani ya kila mtoto, na mwiko umewekwa ili kuizuia. Naye Mskoti James Frazer aliuliza swali la maana: kama maumbile yenyewe yanakataa, sheria ya nini? Hakuna serikali inayotunga sheria ya kuwakataza watu kutia mikono motoni.

Baadaye ulikuja ushahidi. Kule Israeli kulikuwa na vijiji vya ujamaa viitwavyo kibbutz, ambako watoto wa familia mbalimbali walilelewa pamoja katika nyumba ya watoto. Hawakuwa ndugu wa damu, na hakuna aliyewakataza kuoana. Mtafiti Joseph Shepher alichunguza ndoa 2,769 za watu waliokulia katika vijiji hivyo, na mwaka 1971 akatangaza alichokiona: hakukuta hata ndoa moja ya watu wawili waliolelewa kundi moja mfululizo katika miaka sita ya kwanza ya maisha. Huko Taiwan nako, mtafiti Arthur Wolf alichunguza desturi ya zamani ya kumchukua msichana mchanga akalelewa na mume wake mtarajiwa kama kaka na dada. Ndoa hizo zilivunjika zaidi kuliko nyingine na zilizaa watoto wachache zaidi. Wengine ilibidi walazimishwe kuingia chumbani.

Basi Westermarck alikuwa na ukweli mkubwa. Na jibu la swali la Frazer tunaweza kulitoa sisi tunaoishi kwenye nyumba zetu. Sheria ipo kwa sababu breki hiyo ya maumbile haimfikii kila mtu. Inafanya kazi kwa waliokua pamoja tangu utotoni. Haifanyi kazi kwa mtu aliyeingia nyumbani wakati mtoto ana miaka tisa au kumi. Haimfungi mjomba aliyekuja kutafuta kazi, mpangaji, rafiki wa baba, wala kaka na dada waliolelewa mbalimbali wakakutana wakubwa. Tena hata aliyekuwa nayo anaweza kuivunja kwa ulevi, kwa jeuri ya kutawala, au kwa mazoea ya kutazama picha chafu kwenye simu.

Nisieleweke vibaya. Sisemi baba wa kambo ni mtu wa kuogopwa. Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yesu, lakini hatuna mfano bora wa baba mlinzi kuliko yeye. Ninachosema ni kwamba upendo wa mlezi haushuki wenyewe kama umande. Unajengwa kwa kumlea mtoto, kumuuguza, kumpeleka shule, na kwa kuheshimu mipaka. Pale ambapo maumbile hayakuweka uzio, dhamiri na mila zinapaswa kuuweka, na sheria isimame nyuma yao.

SABABU YA DAMU, NA SABABU YA UPENDO

Wapo wanaodhani mwiko wa maharimu upo kwa ajili ya kuzuia watoto wenye kasoro tu. Hiyo ni kweli nusu. Kila mmoja wetu amebeba vinasaba kadhaa vyenye hitilafu ambavyo vimelala, kwa kuwa nakala ya pili aliyopata kwa mzazi mwingine ni nzima. Wazazi wa damu moja wakizaa, nakala mbili mbovu hukutana kwa urahisi zaidi. Kaka na dada wanachangia nusu ya vinasaba vyao; binamu wa kwanza wanachangia sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kwa binamu hatari inaongezeka kidogo, bali kwa ndugu wa tumbo moja inapanda sana. Selimundu ni mfano tunaoujua vizuri hapa nchini. Wazazi wawili wanaobeba kinasaba hicho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, wawe ndugu au wasiwe ndugu. Ila wenye ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukibeba wote wawili.

Sababu ya pili ni ya upendo. Mtakatifu Augustino, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, alieleza kwamba ni vema mtu mmoja asishike nafasi nyingi katika ukoo, ili undugu usambae kwa watu wengi. Akiwa dada yako ni dada yako tu, na mke wako anatoka nyumba nyingine, basi umepata wakwe, mashemeji na wajomba wapya kwa watoto wako. Waafrika tunalijua hilo sana: ndoa ni ya koo mbili.

Sababu ya tatu, na kwetu wauguzi ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya nafsi ya mtoto. Nyumba ni mahali pa kwanza ambapo binadamu hujifunza kuamini. Anayemlisha ndiye anayemlinda. Mtu huyo akigeuka kuwa ndiye wa kumkimbia, mtoto anakosa mahali pa kukimbilia. Jeraha la mwili tutalitibu kwa wiki mbili. Hili lingine laweza kudumu miaka: usingizi wenye jinamizi, hofu, huzuni nzito, kujichukia, na baadaye shida katika ndoa yake mwenyewe.

UZIO UNAPOBOMOKA

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa nchi nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa mambo yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Kwa wavulana ilikuwa takriban mmoja katika kila saba. Msomaji, hebu hesabu wasichana kumi wa kipaimara katika parokia yako, ndipo utakapoelewa maana ya takwimu hiyo.

Eneo letu la Mwera lina historia yake. Mkonge wa kwanza katika nchi hii ulipandwa hapa jirani, Kikogwe, mwaka 1893. Mashamba yalipopanuka wakaja manamba kutoka mbali, kila mmoja akiacha nyuma wazee wake, kungwi wake na mashangazi zake. Familia zikakaa kambini, mara nyingi chumba kimoja kwa wazazi na watoto wote, na jirani nyuma ya ukuta mwembamba. Mila za mahali fulani hazikusafiri na begi. Siku hizi kambi si zile za zamani, lakini maisha ya chumba kimoja bado yapo, kambini na mjini. Umaskini hauzai ubakaji. Maskini wengi ni watakatifu, na matajiri wengine wanaharibu watoto ndani ya nyumba zenye vyumba sita. Ila pasipo na mlango, lazima pawe na jicho.

SHERIA YA NCHI

Kwa miaka mingi wanawake wa nchi hii, wakiwemo waandishi wa habari wa TAMWA, walidai sheria kali zaidi. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na vifungu vyake vikaingizwa katika Kanuni ya Adhabu. Tuyajue mambo makuu.

Kwanza, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo wazi. Ridhaa ya mtoto siyo ridhaa. Mwanamume akisema binti alikubali, au alipokea zawadi, hajajitetea.

Pili, adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30. Msichana akiwa chini ya miaka kumi, ni kifungo cha maisha. Mvulana naye analindwa: anayemwingilia mtoto wa kiume anaweza kufungwa maisha.

Tatu, zinaa ya maharimu ni kosa peke yake. Mwanamume anayelala na mtu anayejua kuwa ni mama, dada, binti au mjukuu wake, akiwa na umri wa chini ya miaka 18, anafungwa si chini ya miaka 30. Akiwa na miaka 18 au zaidi, si chini ya miaka 20. Hata wakikubaliana, kosa ni kosa. Tena sheria haiangalii kama undugu huo umepitia ndoa halali au la. Dada wa baba mmoja ni dada.

Nne, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeongeza mzunguko. Huwezi kumwoa shangazi, mpwa, wala mtoto wa mke wako, hata kama mmekwisha kuachana na mama yake. Mtoto uliyemwasili kisheria ni mwanao, huwezi kumwoa. Sheria hiyo hiyo, ilipotungwa, iliruhusu msichana aolewe na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Asiachwe nyumbani kama chombo kilichovunjika.

Tano, ushahidi wa mtoto unakubalika. Katika makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto mwenyewe, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo lile neno "hakuna aliyeona" lisiwakatishe tamaa.

Sita, kesi hii ni ya Jamhuri. Si mali ya baba wala ya ukoo. Mbuzi wawili na pesa za soda chini ya mwembe havifuti jinai. Na Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji.

MWIKO WA KUSEMA

Sasa tufike penye donda. Sheria tunazo, na mila tunazo. Kinachobaki kuzishinda ni ule mwiko wa pili. "Tutaonekanaje?" "Huyo ndiye anayetulisha." "Akifungwa nani atalipa ada?" Wahenga walisema mficha uchi hazai, na tena, kikulacho ki nguoni mwako. Walijua aibu ina mahali pake, na hatari nayo ina mahali pake.

Biblia haikulificha jambo hili. Somo la Tamari, binti wa Mfalme Daudi, limo katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13, na mara chache tunalisikia likihubiriwa. Kaka yake kwa baba, Amnoni, alijifanya mgonjwa, akaomba dada yake amwandalie chakula, kisha akamharibu. Angalieni yaliyofuata. Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja, alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Daudi alipata habari, akakasirika sana, lakini hakufanya lolote. Tamari akabaki mpweke katika nyumba ya Absalomu. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni, na mwisho wake akaasi dhidi ya baba yake, nchi nzima ikaingia vitani. Nyumba ile haikusalimika kwa kunyamaza. Iliharibika zaidi.

Tumkumbuke pia Mtakatifu Maria Goretti, ambaye sikukuu yake ni tarehe 6 Julai. Alikuwa na miaka 11 tu alipouawa mwaka 1902. Familia yake maskini ilikuwa ikiishi nyumba moja na familia nyingine ya wakulima, na aliyemuua alikuwa kijana wa nyumba hiyo hiyo. Alikuwa amemsumbua kabla ya siku ile, akamtishia kumuua akisema. Mtoto akanyamaza kwa hofu. Tunapomsifu kwa ujasiri wake, tujiulize pia kuna watoto wangapi katika nyumba zetu wanaonyamazishwa kwa tishio la namna hiyo.

Na hapa wazazi na makatekista naomba mnisikilize. Msiwafundishe wasichana kwamba asiyepigana mpaka kufa amekubali. Mwili wa binadamu ukipatwa na hofu kubwa una njia tatu: kupigana, kukimbia, au kuganda. Wengi huganda. Sauti haitoki, miguu haiinuki. Hiyo ni kazi ya ubongo, si ridhaa, wala si dhambi. Mtoto aliyeganda hana kosa lolote la kuungama. Mwenye dhambi ni aliyemtenda.

Kanisa lenyewe limejifunza somo hili kwa machozi. Katika nchi mbalimbali wapo watoto walioumizwa na watumishi wa Kanisa, na wakubwa wakanyamaza ili kukwepa kashfa. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa sheria inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa za makosa hayo kwa wakubwa wa Kanisa, na kutaka kila jimbo liwe na mahali pa kupokea malalamiko. Kama nyumba ya Mungu inaambiwa ifungue madirisha, nyumba zetu je?

DALILI ZA KUANGALIA

Mtoto hasemi daima kwa mdomo. Angalieni haya: maumivu, vidonda, uchafu au damu sehemu za siri, kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, kuumwa tumbo mara kwa mara bila sababu, kuogopa mtu fulani au kukataa kubaki naye, kushuka ghafla darasani, michezo au maneno ya kingono yasiyo ya umri wake, kuwa na pesa na zawadi asizoweza kuzieleza. Dalili moja peke yake si uthibitisho. Ila inatosha kuuliza kwa upole.

YAKITOKEA, FANYENI HIVI

1. Msikilize na umwamini. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimpige, usimhoji mara kumi, na usimkutanishe na mtuhumiwa ili "waseme ukweli".

2. Asiogeshwe, na nguo zisifuliwe. Zifungeni kwenye karatasi au mfuko wa kaki, si wa plastiki, mje nazo.

3. Njooni hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Hunywewa kwa siku 28 bila kukosa. Tunaangalia pia majeraha, magonjwa ya zinaa, homa ya ini na pepopunda. Anayekaa mbali asingoje mtu wa kuvuka naye mto wala siku ya gulio.

4. Polisi nao wanahitajika, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako hutolewa fomu ya PF3. Lakini kama hospitali ndiyo iliyo karibu, anzieni hospitali. Matibabu kwanza, fomu itafuata.

5. Kama mnashindwa pa kuanzia, pigeni simu namba 116, Simu ya Mtoto. Haina malipo. Afisa ustawi wa jamii naye ni mtu wenu.

6. Zikipita hata siku nyingi, njooni tu. Mtoto bado anahitaji vipimo, ushauri na mtu wa kumsikiliza.

NYUMBANI, KABLA HAYAJATOKEA

Mfundisheni mtoto majina ya viungo vyake bila matusi na bila kicheko. Asiyejua kutaja hawezi kushtaki. Mwambieni kwamba sehemu zinazofunikwa na chupi hazichezewi na mtu yeyote, na kwamba siri inayomuumiza si siri ya kutunza, hata kama aliyemwambia aitunze ni mtu mzima wa kuheshimiwa. Utii tunaofundisha katika Amri ya Nne haumlazimishi mtoto kutii dhambi.

Wenye chumba kimoja, tungikeni pazia, tenganisheni vitanda vya wavulana na wasichana, na mgeni wa kiume asilazwe na watoto. Hiyo si dharau kwa mgeni. Ndivyo wazee walivyofanya. Mashangazi na bibi, rudisheni kazi yenu: yale mafundisho ya ukungwi yaliyo mema, yaani usafi, heshima na kujua mwili, yatolewe kwa lugha safi, tena kwa wavulana pia. WAWATA na VIWAWA waweza kulifanya hili kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa kumwalika muuguzi, polisi wa dawati na katekista wakae meza moja.

Kwa anayesoma haya akiwa na jambo lake la miaka mingi kifuani, awe mama au baba: hujachelewa. Njoo tuzungumze, au mwone padre unayemwamini. Na kwa yule anayehisi tamaa mbaya kwa mtoto aliye chini ya paa lake, atoke nyumbani humo leo na atafute msaada kabla hajatenda. Bwana wetu alisema maneno makali juu ya anayewakosesha wadogo, mkayasome katika Mathayo sura ya 18.

Mwiko wa kutenda tuushike kwa mikono miwili. Huu wa kunyamaza, tuuvunje. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya selimundu na vipimo vya wachumba kabla ya ndoa. Mungu azilinde familia zenu.